Kiporo cha Mume Wangu

Kwetu Maretadu, huku Mbulu, mwanamke akitaka kumwambia mumewe kwamba amemchoka, hana haja ya kufungua mdomo. Anampa kiporo. Mume akishaona ugali wa jana umekaa kwenye bakuli, baridi, umekauka juu, anajua mambo yameharibika. Anavaa koti lake, anakwenda kuwaita wazee. Nimeona ndoa za watu zikijadiliwa mchana kutwa kwa sababu ya tonge lililopoa. Mume akirudi amelewa mpaka anausalimia mlango, hiyo haina kikao. Akipotea na fedha za maharage, wazee wana shughuli nyingine. Ila ugali ukipoa, jamani, ukoo mzima unakusanyika.

Kiporo kina wenyewe. Ni cha watoto, cha wachunga ng'ombe, na cha mama mwenye nyumba. Mimi tangu niolewe nimekula kiporo kila asubuhi nikiwa nimesimama jikoni, kipande mkono mmoja, mkono mwingine unachochea kuni ili chakula cha moto cha mheshimiwa kiive. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Wangeniulizaje, na waliona nanenepa? Tumbo langu halijawahi kunisumbua. Nilidhani ni baraka za Mungu tu, kwa kuwa Jumapili sikosi kanisani.

Sasa mume wangu. Siku moja akilima kwa plau, dume lake la ng'ombe, lile la kulia, lilimkanyaga mguu. Akasema si kitu. Kidonda kikafura, akasema si kitu. Mguu ukawa hauingii kwenye suruali, akavaa shuka, akasema anapunga hewa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kuishi na mume wangu. Nilipomfikisha hospitali alikuwa anaongea na marehemu mama yake. Wakamlaza, wakamtundikia dripu, wakampiga sindano za kuua vijidudu asubuhi na jioni hadi nikahisi harufu ya dawa kwenye jasho lake.

Mguu ukapona. Nasema kwa shukrani kabisa, mguu ulipona vizuri. Tumbo likaaga.

Tuliporudi nyumbani akawa anaharisha maji matupu. Mwanamume aliyekuwa akilima eka nzima bila kukaa chini, sasa alikuwa anahesabu safari za chooni kama mtu mwenye ofisi huko. Akaanza kutoboa matundu mapya kwenye mkanda wake. Usiniulize nilijisikiaje. Niliogopa. Nilikuwa nikimwosha mgongo naangalia pembeni, maana mbavu zake zilinitia hofu nisiyoweza kuisema hata kwa watoto wetu, ambao wote wameshaoa na kuolewa mbali.

Katika hali hiyo akatufikia mgeni. Wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, aliyeolewa Basotu huko ziwani, alisikia kaka yake anaumwa. Akaja na mikate myeupe ya Dongobesh, kreti la soda, na hotipoti nyekundu kubwa ya kutosha kumwogeshea mtoto.

"Shikamoo, wifi," nikamwambia.

"Marahaba. Mgonjwa anakula nini humu ndani?"

Nikamwambia anakula kile anachoweza. Akatazama sufuria zangu utadhani zimefumaniwa. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile kaka yake atalishwa kwa heshima. Yaani uji mlaini wa sembe, wa moto. Ugali wa sembe wa moto, mdogo, laini, kutoka kwenye hotipoti. Mkate mweupe uliochovywa kwenye chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Na soda ya kurudisha nguvu. Maharage marufuku, yanasumbua. Dona marufuku, inakwaruza. Kitu cha baridi kisisogezwe hata karibu na mlango.

Nikasema haya. Mimi ni nani nibishane na hotipoti?

Kaka mtu akala kwa heshima, akaharisha kwa heshima. Kila soda iliyoingia ilitoka kabla chupa haijarudi kwenye kreti. Wifi akasema dawa inafanya kazi, uchafu unatoka. Uchafu gani tena, na mtu ameshabaki ngozi na sauti? Siku alipokwenda chooni akashindwa kurudi, nikamkuta amekaa chini ameshika ukuta, nikasema sasa basi. Nikamrudisha hospitali. Wifi naye akarudi Basotu kuangalia nyumba yake, akaniachia hotipoti na maagizo.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho, na mume wangu alimjibu akiwa ameangalia ukuta, maana hajazoea kueleza habari za choo kwa wasichana. Binti wa watu hakujali. Akampima choo, akampima damu, akasema haoni kijidudu kibaya. Akaniuliza:

"Mama, umewahi kuona shamba limepigwa dawa ya magugu, ikaua na mahindi?"

Nikamwambia nimeliona, la jirani yetu, na bado hatusalimiani vizuri.

"Basi ndilo tumbo la baba. Kwenye utumbo mpana kuna bakteria wazuri, wengi mno, wanaishi humo na kazi zao. Sindano zile ziliuokoa mguu wake, na ziliuokoa uhai wake. Ila hazikuuliza nani mwema, nani mwovu. Zimefagia wote. Waliobaki ni wachache, na wana njaa."

"Wanakula nini hao?"

"Wanakula kinachotushinda sisi."

Nikamwambia kwa mume wangu hakuna kinachomshinda isipokuwa kusema ameumwa. Akacheka, halafu akanieleza polepole, na mimi nilimsikiliza kwa makini kuliko ninavyomsikiliza mchungaji. Ugali ukiwa wa moto, alisema, wanga wake umelegea. Ukifika utumbo mwembamba unameng'enywa karibu wote, unakuwa sukari, unaingia kwenye damu. Huko chini hakifiki kitu cha maana. Lakini ugali ukipoa, sehemu ya ule wanga inajibana upya, inakuwa ngumu, na majimaji ya tumbo yanashindwa kuikata. Inashuka hivyo hivyo mpaka utumbo mpana. Huko wapo bakteria ambao kazi yao maalumu ni kuung'ang'ania wanga huo na kuukata vipande. Vipande vingine vinaokotwa na wenzao ambao peke yao wasingeuweza. Wakishakula, wanatoa asidi fulani, na asidi hiyo ndiyo chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Ukuta ukishiba, unapata nguvu ya kuvuta maji na chumvi kuyarudisha mwilini, badala ya kuyaacha yapite.

"Kwa hiyo, daktari, unaniambia kiporo."

"Kiporo. Na maharage kidogo. Na viazi vilivyochemshwa vikapoa, na ndizi mbichi za kupika. Anza kidogo kidogo, na maji ya chumvi na sukari usiyaache. Kifunike vizuri, kikichacha kitupe. Halafu mama, mwanzoni gesi itarudi. Msishtuke. Ukiisikia, ujue wenyeji wameanza kazi." Akapunguza sauti. "Ila asipopata nafuu mapema mrudishe tumlaze. Mwili wa baba hauna akiba tena."

Nikaanza kucheka pale pale, cheko la kutaka kulia, mpaka akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa, mwanangu. Nimeishi na mwanamume huyu maisha yangu yote, nikimpa ugali wa moto ili asife kwa hasira, na sasa nimpe wa baridi ili asife kabisa.

Kupika kiporo hakuna ufundi. Unasonga ugali wa dona jioni, unaufunika, unauacha. Baridi ya Mbulu inafanya kazi iliyobaki, na haidai umeme. Asubuhi nikakata kipande kidogo, nikamiminia maziwa ya mgando pembeni, nikampelekea kitandani.

Akalitazama bakuli. Akanitazama mimi. Macho yakamjaa machozi, mtu mzima yule.

"Mama," akasema, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Daktari si alisema mbele yako?"

"Nilidhani anatania."

"Kula, Baba."

"Mimi ni mgonjwa, siyo mbwa. Kama umechoka kuniuguza, sema, wazee waitwe."

Hapo hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikamwambia ndiyo, amenikosea, amenikosea kwa kutaka kufa wakati bado namhitaji, na kama heshima yake ni kubwa kuliko roho yake aniambie nikachimbe shimo mapema kabla ardhi haijakauka. Nikiwa bado nafoka, nikamega tonge kwenye bakuli lake, nikaegemea mlango, nikala. Nikarudi kumega lingine. Katika ndoa yetu sijawahi kula mbele yake. Yeye hula kwanza, ndani, nami hula baadaye, jikoni.

Akawa ananiangalia nikitafuna.

"Ndivyo unavyokulaga?"

"Kila siku ya Mungu."

"Umesimama hivyo hivyo?"

"Nani angenivutia kigoda?"

 Akanyoosha mkono, ule mkono uliobaki mifupa, akamega tonge dogo, akalichovya kwenye mgando, akameza akiwa amefumba macho kama anayemeza mwarobaini. Tukala hivyo, mimi mlangoni, yeye kitandani, mpaka kipande kikaisha. Kesho yake tena. Nikaongeza maharage kijiko kimoja, siku nyingine viwili. Sikuona muujiza. Mchana nilikuwa nasikilizia mlango wa choo utadhani nimeajiriwa. Safari zikapungua kidogo, zikarudi, zikapungua tena. Siku moja akakaa kutoka chai mpaka saa saba mchana bila kuinuka, nikaenda kujificha nyuma ya zizi nikalia.

Kama kawaida, furaha ya maskini haidumu. Nikiwa nimempelekea bakuli lake asubuhi, mlango ukasukumwa bila hodi. Wifi.

Alikuwa amekuja na samaki wa Basotu, wamekaushwa vizuri, na siwezi kuwasema vibaya. Akaona bakuli. Akaona kaka yake, mrithi wa jina la baba yao, anamega ugali wa jana. Samaki wakaanguka chini.

"Loo! Unamlisha ndugu yangu kiporo? Na hotipoti nilikuletea?"

Nikajaribu kueleza. Mume wangu naye akafungua mdomo, lakini alikuwa na tonge ndani. Wifi alikuwa ameshatoka. Jua halijapanda vizuri, ua wetu ulikuwa na wazee watatu wa ukoo wamekaa kwenye vigoda vyao, wakiongozwa na baba mdogo wa mume wangu, mzee anayependa kikao kuliko chakula. Walipotaka kuja kumjulia hali mgonjwa walitumia wiki nzima kupanga. Kwa habari ya kiporo, walifika kabla chai haijachemka.

Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja. Wakaitikia bila kunitazama, nikajua nimeshahukumiwa nusu.

Wifi akaleta ushahidi. Alilishika lile bakuli kwa vidole viwili, akalizungusha kwa wazee. Wa kwanza akanusa. Wa pili akabonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa. Baba mdogo akaliweka chini mbele yake kwa huzuni kubwa, ungesema ndani mna maiti.

"Ni kweli ulimpa mumeo hiki?"

"Ni kweli, baba."

"Akiwa mgonjwa?"

"Kwa sababu ni mgonjwa, baba."

Wakaguna. Nikaeleza habari za daktari, za dawa iliyofagia wema na wabaya, za wanga uliojibana, za bakteria wanaokula kinachotushinda na kuulisha utumbo. Nilieleza vizuri, nasema mwenyewe. Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shavu.

"Kwa hiyo hapa nyumbani unamlisha mumeo, au unalisha wadudu walioko tumboni mwake?"

"Wote, baba."

"Ni wangapi hao?"

Ni wengi kuliko ukoo wenu, na wanafanya kazi zaidi. Hilo nililisema moyoni. Kwa mdomo nilisema, "Ni wengi, baba."

Wifi akagonga viganja. "Mmemsikia! Anamfugia kaka yangu wadudu! Anataka afe abaki na shamba!" Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Nikasikia neno kondoo, nikasikia neno pombe. Faini yangu ilikuwa inaiva. Faini ningelipa. Kilichonikata maini ni maneno ya baba mdogo yaliyofuata: kwamba mgonjwa ahamishiwe kwa dada yake Basotu, akalishwe huko kwa heshima mpaka apone. Nilimwona mume wangu akibebwa na mikate yake na soda zake. Nikaona mkanda unatobolewa tundu la mwisho. Nikashika nguzo. Nikasema, "Wazee wangu, mkimchukua mtamrudisha kwenye sanduku."

"Subirini."

Mume wangu alikuwa mlangoni. Alikuwa amejivuta peke yake kutoka kitandani, shuka mabegani. Akashika fremu ya mlango, akawaamkia wazee kwanza, kwa utaratibu wake wote, tukasubiri amalize.

"Baba mdogo," akasema, "unalikumbuka dume langu la kulia, mwaka ule lilipochomwa sindano nyingi na yule kijana aliyejiita bwana mifugo?"

"Lile lililoacha kucheua?"

"Hilohilo. Likawa linaharisha, linakonda. Mkaniambia nilichinje. Mimi nilifanya nini?"

Mzee wa pili ndiye aliyejibu. "Ulitoa cheuo mdomoni mwa ng'ombe mzima ukalilisha. Tukakucheka."

"Mlinicheka. Dume likapona. Juzi juzi lilinikanyaga kwa mguu wenye afya kabisa." Akavuta pumzi. "Lilikuwa limefiwa na vitu vya tumboni vinavyolisagia majani. Na mimi nimefiwa. Mke wangu ananirudishia. Mimi sasa ni kama lile dume, wazee."

Miaka yote nimekuwa nikisema moyoni kwamba mume wangu ni ng'ombe. Leo akakiri mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Halafu akajinyoosha ili aseme jambo la mwisho. Alijinyoosha wima kabisa, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, na hapo ndipo wenyeji walipojitangaza. Sitatafuta neno la adabu. Mume wangu alijamba. Haikuwa ile ya maji iliyokuwa ikitutia hofu nyumbani. Ilikuwa hewa tupu, kavu, ndefu, yenye afya, ikasikika mpaka kwenye zizi.

Mbele ya baba yake mdogo! Mbele ya dada yake! Kwetu mtu akifanya hivyo mbele ya wakwe na wazee anaweza kuhama kijiji. Wazee wote watatu wakainamisha vichwa kutazama ardhi. Wifi akajifunika uso kwa khanga. Mume wangu akabaki ameduwaa na mdomo wazi.

Mimi nikapiga vigelegele. Sikujizuia, sikutaka kujizuia. Nikapiga vigelegele huku machozi yananitiririka, nikakimbia nikamshika kiunoni asianguke, nikasema, "Wamerudi, Baba! Wamerudi!" Naye akaanza kucheka, mwili wote unatetemeka kwenye mikono yangu.

Baba mdogo akakohoa. Akakohoa tena. Akachukua bakuli la ushahidi, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Tumesikia pande zote," akasema. "Kikao kimefungwa."

Pombe ya wazee alilipa wifi, kwa kuwa ndiye aliyewaita. Samaki tuliwala, tena kwa kiporo, na yeye akala. Alivyorudi Basotu hazikupita siku nyingi akanipigia simu.

"Wifi," akaniambia, "hivi unajua kwamba kiporo ni dawa ya tumbo?"

"Hebu niambie, wifi," nikamjibu. Akanifundisha somo zima. Nikamshukuru.

Mume wangu alipona taratibu, kilo kwa kilo. Kuna siku nilimrudisha kwa daktari kwa hofu tu, akampima, akacheka, akaturudisha nyumbani. Mkanda ukaanza kurudi nyuma, tundu moja moja. Na akageuka mwalimu wa kiporo. Wapita njia walikuwa wanaitwa waingie waelezwe habari za wanga. Kiporo kikapanda cheo pale nyumbani, kikawa chakula cha baba. Nikisonga ugali jioni, anachungulia jikoni kuuliza kama nimeacha wa kulala. Asubuhi anaufuata mwenyewe, anaumaliza, ananiachia sufuria. Mimi niliyelishwa na kiporo maisha yote sasa nikawa napata ugali wa moto, tena nimesimama vilevile, mkono mmoja kwenye kuni. Ndiyo shukrani ya wanaume hiyo. Hata ubaridi wakiuona mzuri wanautwaa.

Msimu wa kulima ulipofika alitoka mapema na madume yake. Nilisikia sauti yake shambani akilifokea lile la kulia. Nikaenda jikoni nikijua nitakachokuta, nikashika sufuria, na kweli ilikuwa tupu, imekwanguliwa mpaka ukoko.

Pembeni ya moto palikuwa na bakuli limefunikwa. Nikafunua. Nusu ya kiporo, imekatwa sawasawa, na mgando umemiminwa pembeni. Na kando ya bakuli alikuwa ameweka kigoda chake, kile cha kukalia vikaoni, ambacho hata wajukuu wakikigusa wanafukuzwa.

Nikakitazama muda mrefu. Halafu nikaziacha kuni zijichochee zenyewe, nikakaa, nikala.